Je, wajua upanga wa Zama za Kati ulikuwa mwepesi kuliko tunavyodhani?

Waulize watu kumi upanga wa mikono miwili wa Ulaya, ule wa karne ya 15, ulikuwa na kilo ngapi. Wengi wataanzia tano, na wapo watakaofika kumi na tano. Kichwani mwao kuna jitu lililovaa deraya, linarusha pigo moja la kishindo, kisha linasubiri pumzi irudi ndipo lirushe la pili.

Mizani za makumbusho zinasema vingine. Panga nyingi za aina hiyo zina uzito wa kati ya kilo 1.1 na 1.8. Ule wa mkono mmoja hucheza kwenye kilo 1.1 hivi. Hata zile panga kubwa za mamluki wa Kijerumani wa karne ya 16, ambazo urefu wake unakaribia kimo cha mtu mzima, kwa kawaida huwa na kilo 2 hadi 3 na nusu. Vipo vitu vizito kuliko hapo, na ndivyo mara nyingi hupigwa picha, lakini vilitengenezwa kwa ajili ya sherehe: vilibebwa mbele ya mfalme au askofu kwenye maandamano, wala havikukusudiwa kumpiga mtu.

Dhana ya upanga mzito ina historia yake. Mwaka 1885 Mwingereza Egerton Castle aliandika historia ya mchezo wa upanga, na humo aliyaona mapigano ya Zama za Kati kuwa ya nguvu za mwili tu, yasiyo na elimu. Ustadi, kwa maoni yake, ulikuja baadaye pamoja na panga nyembamba za kuchoma za Waitaliano. Hoja hiyo iliwaingia wasomaji wa enzi yake kirahisi, kwa sababu waliamini kwamba kila kizazi kina akili kuliko kilichotangulia. Tena vitara walivyovizoea kwenye kumbi za mazoezi vilikuwa vyepesi sana. Hadi leo kitara cha Olimpiki hakiruhusiwi kuzidi gramu 500, kwa hiyo aliyezoea hicho, akishikishwa kilo moja na nusu, huona ameshika mzigo. Filamu zikaja kuongeza vishindo na miguno, na picha ikakamilika.

Lakini kilo zenyewe ni nusu tu ya habari. Chukua ufagio wa mpini mrefu. Shika mwisho wa mpini, brashi ikiwa mbali nawe, halafu jaribu kuuzungusha upesi kushoto na kulia. Mkono utalalamika. Sasa ugeuze, ushike karibu na brashi, uuzungushe tena: unakwenda unakotaka. Uzito haujabadilika hata gramu moja, kilichobadilika ni mahali ulipolala. Wahunzi walilijua hilo vizuri. Bapa la upanga hupungua unene na upana kadiri linavyokwenda kwenye ncha, na nyuma kabisa ya mpini huwekwa kipande kizito cha chuma. Matokeo yake ni kwamba upanga hukaa sawasawa kwenye kidole sentimita chache tu mbele ya kikingio cha mkono. Ndiyo maana ncha yake hubadili njia katikati ya pigo.

Usiuweke ufagio chini bado. Ushike tena mwisho wa mpini kwa mkono mmoja, uunyooshe mbele, umwambie mtoto abonyeze ncha ya mbali kwa kidole. Utashuka, hata ukikaza. Kisha abonyeze sehemu iliyo karibu na ngumi yako. Atatumia kiganja kizima na bado hutatikisika. Walimu wa Kijerumani waliugawa upanga kwa msingi huohuo. Nusu iliyo karibu na mkono waliiita yenye nguvu, na nusu ya kwenye ncha waliiita dhaifu. Panga mbili zikikutana na kubaki zimegusana, swali si nani ana misuli zaidi. Swali ni nusu ipi ya upanga wako imekutana na nusu ipi ya upanga wake, na jibu lake hulipati kwa macho. Linakuja kupitia mikono, kwa kuhisi kama chuma cha mwenzako kinakusukuma au kimelegea. Mwili hujibu mguso haraka kidogo kuliko unavyojibu kitu kilichoonekana, na hapa hicho kidogo ndicho kila kitu.

Mfano mmoja kutoka mafunzo yanayohusishwa na mwalimu wa Kijerumani Johannes Liechtenauer unaonyesha jambo hili waziwazi. Mpinzani anakushushia pigo la juu kutoka upande wake wa kulia. Wewe hukimbii, wala huinui upanga ili tu kujikinga. Nawe unakata kwa mshazari kutoka bega la kulia, na panga zinakutana katikati. Ukihisi wake umelegea, nyoosha mikono, ncha iende usoni au kifuani mwake. Akishtuka na kuusukuma wako pembeni kwa nguvu, usishindane naye. Inua upanga utoke kwenye mguso, umkate upande wa pili, maana nguvu zake zimemwacha wazi. Na akikaza tu bila kusukuma, pandisha mikono, uzungushe mpini ili nusu yako yenye nguvu ikae juu ya nusu yake dhaifu, kisha uchome. Njia tatu, na uamuzi wote unafanyika ndani ya muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua macho. Mtu wa kilo tano mkononi hawezi hata kuanza.

Yote haya yanajulikanaje, ikiwa hakuna mwalimu aliye hai aliyerithishwa sanaa hiyo kwa mkono? Yaliandikwa. Muswada wa kale zaidi unaojulikana wa mafunzo ya upanga, wa mwanzoni mwa karne ya 14, uko Leeds, Uingereza. Unaonyesha padri akimfundisha mwanafunzi upanga na ngao ndogo ya duara, na kwenye kurasa za mwisho anatokea mwanamke aitwaye Walpurgis, naye ameshika upanga. Mwitaliano Fiore dei Liberi, aliyeandika miaka ya 1400 mwanzoni, aliwavika wahusika wa michoro yake alama: bingwa anayejibu shambulio ana taji, mwanafunzi anayeendeleza jibu hilo amefungwa utepe chini ya goti, na anayelivunja jibu ana vyote viwili. Ukiijua siri hiyo, kurasa zinasomeka kwa mpangilio. Liechtenauer yeye aliacha beti, na wanafunzi wa baadaye wanasema wazi kwamba aliyaficha maneno makusudi ili sanaa isiwafikie wasiostahili. Bila maelezo waliyoyaongeza wao, beti nyingi zingebaki fumbo.

Wapenzi wa sanaa hii wamekuwepo tangu siku za akina Castle, lakini vilabu vilienea hasa kuanzia miaka ya 1990, miswada ilipoanza kupigwa picha na kusambazwa kwenye intaneti. Kazi inayofanyika humo ni ya utafiti kweli. Watu husoma aya moja ya Kijerumani cha kale, wanaitafsiri, kisha wawili wanasimama na kuijaribu polepole. Kama mkono unafika mahali ambapo andiko linasema ufike, wanaongeza kasi. Kama haufiki, wanarudi kwenye andiko kuona kama wameukosea mguu, umbali, au kitenzi. Mchoro huonyesha nukta moja tu ya tendo, hausemi mguu upi ulitangulia, na vilabu viwili makini vinaweza kuusoma kwa namna mbili.

Zana nazo zina mipaka. Upanga wa mazoezi una bapa jembamba linalopinda kwenye kuchoma ili usimuumize mtu, mfano wake unaonekana kwenye michoro ya karne ya 16. Lakini ni butu, na makali butu huteleza yanapogusana, ilhali makali halisi hung'ata na kushikana kwa nukta. Maana yake, ule mguso ambao sanaa nzima imejengwa juu yake haulingani kabisa na wa zamani. Na mtu aliyevaa barakoa ya wavu wa chuma, koti nene na glovu ngumu haogopi kama aliyevaa shati, hivyo kwenye mashindano watu wawili hukatana kwa pamoja mara nyingi mno. Ndiyo sababu mashindano mengi yana kanuni ya kumwadhibu anayepiga bila kujilinda.

Kisha kuna mifupa. Mwaka 1361, nje ya mji wa Visby kwenye kisiwa cha Gotland, Sweden ya leo, jeshi la Denmark liliwaua wakulima wengi wa kisiwa hicho. Makaburi yao ya pamoja, yaliyochimbuliwa mwanzoni mwa karne ya 20, yalitoa mabaki ya watu zaidi ya 1,000, na majeraha mengi ya kukatwa yako kwenye mifupa ya chini ya goti. Maandiko ya Liechtenauer yanakuonya usikate miguu, kwa sababu mkono ulionyooshwa usawa wa bega hufika mbali kuliko ulioelekezwa chini, na anayekata mguu hukatwa kichwa. Hoja hiyo ni sahihi kwa watu wawili wasio na deraya wanaotazamana uwanjani. Visby palikuwa na umati, ngao, na vifua vilivyokingwa kwa chuma, na mguu ndio uliobaki wazi. Kwa hiyo kinachofufuliwa vilabuni leo ni hasa elimu ya mmoja dhidi ya mmoja, ile ambayo walimu waliona inafaa kuandikwa. Vita vyenyewe vilikuwa na kanuni nyingine.