Mulondo: litafute ua kabla ya kuutafuna mzizi

Ukikwama kwenye foleni ya magari Kampala, hukosi kumwona kijana akitembeza vifungu vya mizizi ya kahawia. Wanunuzi wanaujua mulondo kwa ladha: uchungu kidogo, kisha utamu, na harufu ya vanila inayobaki mdomoni. Waliowahi kuliona ua lake ni wachache sana, na hapo ndipo penye tatizo. Mmea hung'olewa kabla haujachanua, na usipochanua hautoi mbegu.

Jina lake la kitaalamu ni Mondia whitei, nalo Mondia limetokana na uMondi, jina la mmea huu kwa Kizulu. Ni mmea unaojisokota kwenye vichaka na miti ya misitu yenye unyevu kama Mabira. Majani yake ni makubwa kuliko kiganja, yamekaa mawili mawili, na kitako chake kimechongwa kama moyo. Ua lina rangi ya zambarau iliyoiva ndani, na kingo za manjano hafifu. Hudumu siku chache tu. Baadaye hutokea matunda mawili yaliyotazamana kama pembe, ambayo yakikauka hupasuka na kuachia mbegu zenye nyuzi za hariri zinazopeperushwa na upepo.

Mulondo ukikatwa hutoa utomvu mweupe, lakini utomvu peke yake usikudanganye. Katika ukoo huu imo mimea mingine yenye utomvu huohuo na sumu inayoshika moyo. Mmoja wao, Parquetina nigrescens, umetumika kutia sumu mishale. Angalia kifundo cha shina, pale majani mawili yanapokutana: mulondo una ukingo uliokatikakatika kama marinda. Kisha kwangua mzizi. Usiponusa vanila, uache.

Kinachotafunwa ni ganda la mzizi. Osha, menya ganda nene, utupe kiini kigumu cha katikati. Wazee wameutumia kuamsha hamu ya kula, kutuliza tumbo, kuwaongezea mama wanaonyonyesha maziwa, na zaidi ya yote kuwapa wanaume nguvu. Kwa unga, kata ganda vipande vyembamba uanike kivulini. Jua kali hufukuza harufu, na harufu ikienda umebaki na vumbi. Nusu kijiko cha chai chatosha kikombe kimoja, nao utiwe baada ya chai kuepuliwa.

Wanaotafuna kila siku kwa nia ya kupata mtoto nawaomba wasikie hili: panya dume waliopewa dawa ya ganda la mzizi huu kwa siku 55 mfululizo walipungukiwa na mbegu za kiume, wakarejea hali yao walipoachishwa. Panya si mtu, lakini mimi nisingeufanya mulondo kuwa chakula cha kila siku, wala nisingempa mjamzito.

Katika kuchimba, kosa kubwa ni kufuata shina na kung'oa mzizi mkuu. Anza nusu mita kutoka kwenye shina, fukua taratibu kwa mkono au kijiti hadi uipate mizizi ya pembeni, kata miwili au mitatu kwa kisu kikali, rudisha udongo na uushindilie. Shimo likiachwa wazi, mizizi iliyobaki hukauka na mmea wote hunyauka. Mmea usio na ua wala tunda usiguswe kabisa.

Afadhali zaidi ni kupanda nyumbani. Kusanya matunda yakianza kupasuka, kabla upepo haujazichukua mbegu, uzisie zikiwa bado mbichi, maana zikiwekwa hupoteza uhai upesi. Changanya udongo wa msituni sehemu mbili na mchanga sehemu moja, fukia sentimita moja, weka kivulini, mwagilia bila kutuamisha maji. Maji yakituama mche huoza shingoni. Hamishia chini ya kivuli chepesi, mita moja kati ya mche na mche. Wakulima wa vanila watashawishika kutumia mbono kaburi kama nguzo, jinsi walivyozoea. Kwa mulondo, hapana: mbono una sumu, na mizizi ikishafungamana ardhini, mchimbaji ataitenganisha vipi? Tumia nguzo ya mbao. Usichimbe chochote kabla ya miaka miwili, na matunda ya kwanza yote yawe ya mbegu.