Hewa ya Nairobi na dozi ya mgonjwa

Mama mmoja, akiwa ameshalala kwenye kitanda cha mashine ya mionzi, aliniuliza: "Mwanangu, mbona sisikii chochote? Nitajuaje kama mmenipa kipimo changu sawasawa?" Nikamjibu, "Usiwe na wasiwasi, mama: na sisi tunapimwa." Hapakuwa na nafasi ya kueleza zaidi, maana foleni ilikuwa ndefu. Naeleza leo.

Mgonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi mara nyingi huandikiwa grei 50 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), anazipata grei 2 kila siku kwa siku 25 za matibabu. Zikipungua, uvimbe unabaki. Zikizidi, kibofu na utumbo wa chini, vilivyo jirani kabisa, vinaungua. Mionzi haina harufu wala joto, kwa hiyo kazi yetu wanafizikia wa tiba ni kuhakikisha kwamba grei 2 iliyoandikwa ndiyo grei 2 inayotoka.

Tunapima kwa chemba ya ayoni, kichumba chenye hewa kidogo ndani, tunachokizamisha kwenye tangi la maji sentimita 10 chini. Mionzi inapopita, hewa ile hutoa chaji ya umeme, na chaji tunaigeuza kuwa dozi. Sasa hewa hiyo ni hewa ileile ya chumbani. Dar es Salaam, usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni kama hektopaskali 1,010. Nairobi, karibu mita 1,700 juu, ni kama 830. Hewa ni nyepesi, chaji inapungua, na namba ya Nairobi lazima uizidishe kwa takriban 1.22 ndipo ilingane na dozi ya kweli.

Nakumbuka mwaka wangu wa kwanza, kwenye hospitali moja ya nyanda za juu. Barometa, kifaa cha kupimia mgandamizo wa hewa, ilikuwa imeharibika, nikachukua mgandamizo kwenye simu, programu ya hali ya hewa: 1,018. Nilikuwa nimeshaanza kuuandika kwenye fomu. Kaka aliyenifundisha kazi akaushika mkono wangu. "Hiyo wameshaigeuza kuwa ya usawa wa bahari. Hapa tulipo haipo." Mikono ilinitetemeka. Kwa namba ile ningeamini mashine inatoa pungufu, ningeirekebisha itoe zaidi, na mwenye grei 50 angepokea karibu 61.

Kinachonitisha zaidi ni kwamba vipimo vyangu vya kila asubuhi vingekubaliana na kosa hilo. Simu ileile, fomu ileile, mtu yuleyule: kila siku tungeona kwamba mambo ni sawa.

Ndiyo maana kuna kidonge kutoka nje, si cha kumeza bali cha kupimia mionzi. Tangu 1969 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, pamoja na Shirika la Afya Duniani, huwatumia wenye mashine vidonge kwa posta. Zamani ndani yake mlikuwa na unga wa floridi ya lithi. Tangu 2017 ni vijiti vidogo vya kioo. Unakizamisha kidonge kwenye maji, unakipiga grei 2 kwa hesabu unazotumia kwa wagonjwa, unakirudisha. Maabara ya Seibersdorf, karibu na Vienna, inakimulika kwa miale ya urujuanimno, kioo kinatoa mwanga wa rangi ya chungwa, na ukali wa mwanga huo unasema kilipokea dozi gani. Kioo hakijui habari za mgandamizo wa hewa. Kosa langu la simu kingelifichua mara moja.

Tofauti ikizidi asilimia 5, hawakuandikii barua ya lawama. Wanakutumia kidonge kingine, mnatafuta chanzo pamoja, na ikibidi mtaalamu anakuja na vifaa vyake. Naomba wenzangu msikipangie kidonge siku maalumu wala fundi hodari kuliko wote. Kipigwe na yule wa zamu, kwa mkono wa kila siku.

San José, Costa Rica, mwaka 1996, walibadilisha chanzo cha kobalti, madini yanayotoa mionzi, kwenye mashine, na katika kukipima dakika 0.3 zikahesabiwa kuwa sekunde 30. Ni sekunde 18. Wagonjwa 115 wakapigwa mionzi kupita kiasi, kwa zaidi ya nusu ya walichoandikiwa, na wengine walikufa kwa sababu hiyo. Daktari alishtuka kwa kuona ngozi na matumbo ya wagonjwa. Wakati huo mashine ilikuwa imeshafanya kazi kwa wiki kadhaa. Kidonge kimoja, kabla ya mgonjwa wa kwanza, kingetosha.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na nimeshausema kwenye vikao: mashine mpya, au yenye chanzo kipya, isimguse mtu mpaka jibu la ukaguzi wa nje liwe mezani. Najua foleni. Najua wanaosubiri wametoka mbali, wengine wameuza ng'ombe kwa ajili ya nauli. Yule mama alikuwa mmoja wao, na alipomaliza siku zake 25 nilimwonyesha karatasi yetu ya mwisho kutoka Vienna. Hakusoma namba. Aliuliza tu, "Hawa waliopima, wanakujua?" Nikasema hapana. Akaikunja ile nakala, akaitia kwenye pochi.