Ukisusa, wenzio wala

Juzi nimepigiwa simu ileile tena. Kiongozi wa kikundi cha watu 22, amana imeshalipwa, orodha ya vyumba imeshatumwa, ananiambia: "Dada, tuifute Kanab. Nimesoma kwamba ule mji ulipitisha tamko la familia. Tusiwape hela zetu." Nikamuuliza, tusiwape kina nani? Akanyamaza kidogo. "Si hao wenyewe."

Hao wenyewe! Miaka 18 napanga safari za vikundi, na haupiti mwaka bila mtu kuniambia kwamba ukifuta chumba cha hoteli, umemnyima hela diwani aliyenyoosha mkono kwenye kikao. Huwa namwambia mteja kwa upole kwamba mambo hayaendi hivyo. Leo upole umeniishia.

Tuanze na Kanab yenyewe, maana wengi wanaiongelea kwa kusikia. Ni mji wa kusini mwa Utah, Marekani, uliokuwa na watu wapatao 3,500 wakati ule. Januari 2006 baraza la mji lilipitisha tamko la "familia ya asili": ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, wasichana waandaliwe kuwa wake, walezi wa nyumba na mama, wavulana wawe waume na baba, na nyumba ziwe tayari kupokea watoto wengi. Maneno hayakutungwa pale. Taasisi moja ya Salt Lake City, Sutherland Institute, iliisambaza rasimu kwa miji ya jimbo zima, na Kanab ikaikubali. Arthur Frommer, mkongwe wa vitabu vya mwongozo wa safari, akaandika kwamba yeye hapiti tena huko, na hapo ndipo mji ambao watu waliujua kwa filamu za zamani za makauboi ukajulikana kwa jambo jingine.

Tamko si sheria. Halina faini, halina polisi, na hoteli hailazimishwi kumkataa mtu kwa sababu yake. Lakini si kwamba halina maana. Mimi ni mwanamke ninayekula kwa kusaini mikataba, na aya ile ya wasichana niliisoma mara mbili nikihisi kama mtu amenifungulia mlango wa jikoni akaniashiria niingie. Anayesema "ni maadili tu, kelele za nini" ajiulize mbona baraza la mji lilipoteza muda wa kikao kuyapigia kura. Hilo nimelimaliza.

Sasa hela. Kanab ni mji wa kulala usiku mmoja. Mtu anatoka hifadhi ya Zion anakwenda hifadhi ya Bryce Canyon, au anaelekea ukingo wa kaskazini wa Grand Canyon, analala, anakunywa kahawa, anaondoka. Kikundi changu cha watu 22 ni vyumba 11 kwa usiku mmoja. Nikivifuta, nani anakosa nini? Kama hoteli ni ya mtandao mkubwa, faida ilikuwa inaondoka mjini hata kabla sijafuta. Tozo ya malazi kwa sehemu kubwa inakwenda kaunti na jimbo, na baraza la mji linabakiwa na kijisehemu. Diwani mshahara wake hautoki kwenye mashuka yako.

Anayekosa namjua, kwa sababu nimeshaona akikoseshwa. Haikuwa Kanab, ni mji mwingine ambao sitautaja. Nilikuwa nimekaa mapokezi saa tatu usiku nikisubiri basi lililoharibika, na meneja alikuwa na ratiba ya wahudumu wa vyumba imebandikwa ukutani, majina yameandikwa kwa penseli. Kikundi cha watu (si changu, nashukuru) kilikuwa kimefuta. Alichukua kifutio, akafuta majina matatu, akapuliza vile vinyuzi vya mpira, kisha akapiga simu tatu. Kila moja haikuzidi nusu dakika. "Kesho usije." Hakumweleza yeyote sababu, kwa sababu na yeye hakuijua.

Hapo ndipo ninapokereka, kwa hiyo nivumilieni. Mnajua kikundi kikighairi kinaandikwaje kwenye mfumo wa hoteli? Kuna kijisanduku cha sababu. Unachagua: mabadiliko ya ratiba, ugonjwa, hali ya hewa, nyinginezo. Hakuna palipoandikwa "tamko la baraza". Mhudumu aliyechoka anabonyeza ya kwanza. Hasira yako yote, msimamo wako, na usingizi ulioukosa ukiwaza haki za watu, vimeingia kwenye kumbukumbu za dunia kama mabadiliko ya ratiba.

Kiswahili kinajua jambo hili kuliko wanaharakati wengi. Kususa ni kukataa ulichoandaliwa ili aliyekuandalia aone, aulize, abembeleze. Mtoto aliyesusa chakula hukaa pale pale mlangoni, sahani aione na yeye aonekane. Akienda kulala kimya kimya hajasusa, amelala na njaa. Na wakubwa wakamalizia: ukisusa, wenzio wala. Chumba chako cha Kanab mwezi wa Juni kitachukuliwa na familia nyingine kabla hujamaliza kujipongeza, na pengine ni familia inayolipenda lile tamko.

Hata huyo aliyelipa jina neno la Kizungu la kususia, Charles Boycott, msimamizi wa mashamba huko Mayo, Ireland, mwaka 1880, hakususiwa na wageni. Walimsusia waliomvunia shamba, waliomfulia nguo na kumletea barua. Ikabidi waletwe wavunaji kutoka kaskazini wakilindwa na askari, na gharama za ulinzi zikaipita mbali thamani ya mavuno. Mwaka haukuisha kabla hajaondoka Ireland. Ilifaulu kwa sababu wasusiaji walikuwa majirani, kila mmoja alijua wanadai nini, na mlengwa alikuwa mtu mmoja mwenye jina. Msafiri wa usiku mmoja hana hata kimoja katika hayo.

Mfano unaonifundisha zaidi ni wa Poland. Kuanzia 2019 serikali za mitaa karibu mia moja zilipitisha matamko, na wateja wangu wakaanza kunitumia ramani zenye rangi nyekundu wakisema tusikanyage. Kwanza, matamko yalikuwa ya aina mbili. Mengine yalipinga waziwazi kile yalichokiita itikadi ya wapenzi wa jinsia moja. Mengine yalikuwa mkataba wa haki za familia, ambao hauwataji watu hao popote, unazungumzia ndoa na watoto tu, ingawa kila mtu alielewa unamlenga nani. Pili, yale mabango ya njano mliyoyaona kwenye picha, yakisema eneo halina wapenzi wa jinsia moja, hayakuwekwa na miji. Aliyatengeneza mwanaharakati Bartosz Staszewski ili kuonyesha matamko yale yana maana gani, akayapiga picha kwenye viingilio vya miji. Kazi nzuri, lakini nimekuwa na mteja aliyekataa katakata kuamini kwamba hayapo barabarani.

Tatu, kikundi kimoja kiliniambia tuifute Kraków. Bunge la mkoa wa Małopolska lilipitisha tamko, kweli, na linakaa Kraków. Baraza la jiji la Kraków halikupitisha. Mlikuwa mnataka kuuadhibu mji kwa kosa la ofisi iliyopanga humo! Colorado ilikuwa hivyohivyo mwaka 1992, wapiga kura wa jimbo walipopitisha marekebisho ya katiba ya kuzuia ulinzi wa wapenzi wa jinsia moja. Waliosusiwa kwa kishindo ni Denver na Aspen, miji iliyokuwa na sheria za kuwalinda watu haohao. Yale marekebisho yalikuja kufutwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1996.

Turudi Poland, nini kilibadilisha mambo? Julai 2020 Tume ya Ulaya, mkono wa utendaji wa Umoja wa Ulaya, ilikataa maombi ya fedha za urafiki wa miji kwa miji sita. Mmoja ulikuwa Tuchów. Mwezi uliofuata waziri wa sheria wa Poland akaupa Tuchów zloti 250,000 kufidia, zaidi ya ulichokosa. Wenzio wala, tena wameongezewa nyama. Lakini Septemba 2021 Tume ilipoiandikia mikoa mitano kwamba fedha kubwa za maendeleo ziko hatarini, mkoa wa Świętokrzyskie ulifuta tamko lake tarehe 22, na mingine mitatu ikafuata tarehe 27 mwezi huohuo. Barua ilikuwa na anwani, dai na tarehe. Taratibu matamko mengine yakafutwa, hadi kaunti ya Łańcut ilipofuta la mwisho Aprili 2025. Watalii hawakuwa na mkono mkubwa hapo, ijapokuwa wapo wateja wangu wanaoamini safari yao ya Prague badala ya Lublin ndiyo iliyofanya kazi.

Na kususia kwa orodha kunaweza kukuchezea. California ilikataza safari za watumishi kwa fedha za jimbo kwenda kwenye majimbo yenye sheria za kibaguzi. Orodha ilianza na majimbo 4 mwaka 2017. Walipoifuta mwaka 2023 ilikuwa imefika 26.

Sasa mashaka yangu, kwa sababu nikiishia hapo nitakuwa nimewadanganya. North Carolina inanisumbua. Mwaka 2016 jimbo lilipitisha sheria ya vyoo, iliyowalazimisha watu waliobadili jinsia kutumia vyoo vya umma kwa jinsia ya cheti chao cha kuzaliwa; NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, ikahamisha mchezo wake wa nyota wa 2017 kutoka Charlotte kwenda New Orleans, wengine wakafuata, na Machi 2017 sheria ikafutwa, ingawa maafikiano yaliyoziba nafasi yake hayakumfurahisha kila mtu. Najitetea kwamba NBA ni mteja mmoja mwenye mkutano na waandishi wa habari. Lakini mimi mwenye watu 22, je, nikiungana na mawakala 40? Sina jibu.

Hata Kanab, baada ya lile tamko, wenye maduka na hoteli walianza kubandika stika madirishani kusema kila mtu anakaribishwa. Ningependa kusema walifanya kwa roho nzuri tu. Huenda makala ya Frommer iliwasukuma. Kama ni hivyo, basi kususia kuliwaamsha watu sahihi ndani ya mji, na nusu ya niliyoandika hapo juu inayumba.

La mwisho linanikaa kooni. Kuna mwaka niliwashawishi watu wasifute, nikatoa hoja zote hizi, wakaenda. Kwenye kikundi walikuwamo wanaume wawili wanaoishi pamoja. Hakuna aliyewatendea ubaya. Lakini mmoja aliniambia baadaye kwamba pale mapokezi, walipoulizwa kitanda kimoja au viwili, alisema viwili kabla mwenzake hajafungua mdomo. Asiyetaka kulala mahali kwa sababu hiyo hasusi chochote wala hanidai hoja. Nambadilishia hoteli siku hiyohiyo, na ada ya kughairi nalipa mimi.

Huyu kiongozi wa kikundi nimemwambia achague. Kama ni kususa, aandike barua moja kwa baraza, nakala kwa hoteli, ataje watu 22, vyumba 11, tarehe, kiasi, na anachodai. Nitaituma mwenyewe. Kama ni kutokwenda tu, basi aseme tu haendi, nitatafuta vyumba Page, mji wa jirani upande wa Arizona. Hajajibu. Amana inarudishwa mwisho Ijumaa saa kumi jioni.