Penseli inavyoishinda almasi

Nikiuliza darasani ni kitu gani kina vifungo vya kikemia imara kuliko vingine, jibu huja kabla sijamaliza: almasi! Basi humwomba aliyejibu achukue penseli, achore mstari mmoja kwenye karatasi.

Weusi unaobaki pale ni grafiti pamoja na udongo kidogo wa kuigandisha. Grafiti ni kaboni tupu, ndugu wa damu wa almasi. Ndani ya almasi kila atomu imeshikana na wenzake wanne, na kutoka atomu hadi atomu ni pikomita 154 (pikomita ni mita iliyogawanywa mara trilioni). Kwenye grafiti inashikana na watatu tu, lakini kwa pikomita 142. Kifungo kifupi kwa kawaida ndicho kigumu kukivunja, na hapa ndivyo: kimoja kwa kimoja, grafiti inaishinda almasi. Mbona basi inamomonyoka kwa kusuguliwa tu? Atomu zake zimejipanga matabaka matabaka, na kati ya tabaka na tabaka hamna kifungo, ni mvuto hafifu. Ukichora, matabaka yanateleza na kubaki karatasini. Vifungo vyenyewe karibu vyote viko salama. Almasi haina pa kuteleza, imefungwa pande zote.

Maji nayo huwapotosha wengi. Mapovu ya maji yanayochemka si hidrojeni na oksijeni zilizoachana, ni mvuke, yaani maji yale yale. Kuvunja kifungo kati ya oksijeni na hidrojeni kunahitaji kilojuli 463 hivi kwa moli, yaani kwa idadi kubwa maalumu ambayo wanakemia huhesabia chembe. Kinacholegea sufuriani ni mshikamano wa molekuli na molekuli, wa kama kilojuli 20 tu.

Sasa kifungo chenyewe. Atomu mbili za nitrojeni hushirikiana jozi tatu za elektroni, na kuzitenganisha ni kilojuli 945 kwa moli. Oksijeni, jozi mbili, 498. Florini, jozi moja, 158. Umeona florini ilivyoanguka? Klorini nayo ina jozi moja, atomu zake ni kubwa zaidi, lakini inafika 242. Tena kifungo cha florini kina pikomita 142, sawa na cha grafiti! Kanuni yangu ya ufupi imeniumbua. Atomu za florini ni ndogo mno, zimebanana hadi elektroni zisizoshiriki kwenye kifungo zinasukumana.

Na hapo ndipo ukali wa florini unapoanzia. Hidrojeni na florini zikikutana, unalipa 436 kuvunja ya kwanza na 158 kuvunja ya pili, jumla 594. Vinazaliwa vifungo viwili vipya vya 567 kila kimoja, jumla 1134. Chenji ni kilojuli 540 hivi, nayo hutoka kama joto. Ndiyo maana huwa nakereka nikisoma kwamba nishati "imehifadhiwa ndani ya kifungo" na hutoka kinapovunjwa. Kuvunja ni gharama siku zote. Faida huja wakati wa kufunga upya.

Vilipuzi vingi vimejaa nitrojeni kwa sababu hiyo hiyo: atomu zake zimeshikiliwa kilegevu na wenzao, na zikipata mwanya zinarukiana, jozi tatu kwa mkupuo.