Presha ya mjamzito haipimwi huku unahema

Wifi yangu ana mimba ya miezi saba na presha anayo tangu hajabeba. Juzi kashuka daladala Mbagala Rangi Tatu, kadandia bodaboda mpaka kliniki, kufika tu kafungwa mkanda juu ya shati la mikono mirefu huku anaongea na simu. 158 kwa 98. Akaanza kulia. Nikamuomba nesi ampe kama dakika kumi hivi, wifi akaenda chooni, akarudi akakaa kwenye kiti chenye mgongo, miguu chini, mkono wazi juu ya meza usawa wa moyo, mdomo kafunga: 142 kwa 90. Bado iko juu ndio, na daktari aliambiwa, ila ile 158 ilikuwa na bodaboda ndani yake.

Kwa hiyo wale wanaosema presha ni presha, pima popote, wanakosea. Mkojo ukikubana, ukikunja nne, ukiongea, namba inapanda. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene nao unapandisha. Kuna hii nyingine inaniudhi sana, mama analazwa ubavu wa kushoto, anapimwa mkono wa kulia ulioko juu, inasoma vizuri, anaambiwa nenda nyumbani. Mkono ukiwa juu ya moyo lazima isome chini jamani!

"Mimi najijua, ikipanda nasikia kichwa." Hapana shoga. Inaweza kufika 160 kwa 110, ambayo ni ya kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo, na usisikie kitu. Kichwa kuuma sana, kuona nyotanyota, maumivu ya tumbo juu chini ya mbavu, hizo zikija usisubiri tarehe ya kliniki, ila zisipokuja bado upimwe, na mkojo nao uangaliwe kama una protini.

Halafu wanaoacha dawa. Miezi ya katikati presha huwa inashuka yenyewe, mtu anaona 118 kwa 76 anajisemea nimepona, na jirani keshamwambia dawa zote za presha zinaharibu mtoto. Zipo za kuepuka kweli, kina captopril, enalapril na losartan, kama ulikuwa unazimeza kabla ya mimba wahi ubadilishiwe. Lakini methyldopa na nifedipine wajawazito wanapewa miaka yote. Usijikatie mwenyewe.

Mashine ya nyumbani sio ya kudharau wala ya kuamini kichwakichwa. Nyingi hazijajaribiwa kwa wajawazito, na mwenye kifafa cha mimba (degedege linaloletwa na presha ya mimba) kinachonyemelea anaweza kusomewa chini kuliko hali yake. Za kifundo cha mkono achana nazo. Nenda nayo kliniki ilinganishwe na ya kwao, na nyumbani pima mara mbili, uache dakika moja katikati, andika zote mbili na saa, sio ile nzuri tu (wifi alikuwa anaandika nzuri tu, nimemkamata).

Na hili la "ukishajifungua imeisha" ndio baya kuliko yote, maana hapo watu wote wanahamia kwa mtoto. Presha hupenda kupanda siku ya tatu mpaka ya sita baada ya kujifungua, na kifafa cha mimba kinaweza kumpata mtu keshazaa, yuko ndani anakunywa uji wa pilipili manga. Mashine yetu tumenunua Kariakoo, ya mkono wa juu, na nimeshamwambia mama mkwe itakaa pembeni ya kitanda mpaka arobaini iishe.