Je, wajua kwa nini kubonyeza "Nakubali" kunaweza kukufungia mlango wa mahakama?

Mwaka 2024, mwanamume ambaye mkewe alifariki baada ya kula katika mgahawa ulioko Disney Springs, Florida, aliishtaki Disney. Mawakili wa kampuni wakadai kesi haipaswi kusikilizwa mahakamani, kwa sababu mwaka 2019 mgane huyo alijiunga na Disney+, huduma ya kampuni hiyo ya filamu mtandaoni, kwa majaribio, na masharti yake yalikuwa na kifungu cha usuluhishi. Watu walikasirika sana, na Agosti 2024 kampuni ikaiacha hoja hiyo.

Kifungu chenyewe husema kwamba mgogoro wowote kati yako na kampuni utaamuliwa na msuluhishi binafsi. Hakuna jopo la raia wa kuamua kesi, aghalabu shauri husikilizwa faraghani, na hata msuluhishi akikosea kutafsiri sheria, kosa hilo peke yake kwa kawaida halitoshi kutengua uamuzi wake. Nguvu ya kifungu inatoka katika sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1925, iliyolenga hasa mikataba ya wafanyabiashara kwa wafanyabiashara.

Lakini sumu yake iko kwenye sentensi nyingine: ile inayokukataza kuungana na wenzako. Wanandoa wa California, akina Concepcion, waliahidiwa na AT&T simu za bure, kisha wakatozwa kodi ya dola 30.22. Wakashtaki kwa niaba ya wateja wote waliotozwa. Tarehe 27 Aprili 2011, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba katazo hilo lina nguvu, ingawa sheria ya California ililipinga. Sasa fikiria: wakili gani atahangaika kwa dola 30? Kampuni ikiwakata wateja milioni moja dola 30 kila mmoja, imevuna dola milioni 30, na karibu wote watanyamaza. Huo ni uonevu, hata kama umeandikwa kwa lugha ya upole.

Wateja walipata njia ya kujibu. Kwa kuwa sehemu kubwa ya ada za usuluhishi hulipwa na kampuni, watu zaidi ya 75,000 wenye malalamiko kuhusu vifaa vya Echo, spika za Amazon zinazoamriwa kwa sauti, waliwasilisha madai yao mmoja mmoja dhidi ya Amazon. Mwaka 2021 Amazon ikakifuta kifungu hicho.

Ukiwa Marekani, fungua masharti utafute neno "arbitration", yaani usuluhishi. Mikataba mingi inakuruhusu kujitoa, mara nyingi ndani ya siku 30 tangu ukubali. Andika jina lako, akaunti yako, na sentensi moja kwamba unakataa usuluhishi. Wengi hukwama hapa: wanawaandikia huduma kwa wateja badala ya anwani iliyotajwa kwenye kifungu, au wanatumia baruapepe isiyo ya akaunti husika. Ikitakiwa barua ya posta, itume kwa rejista na utunze risiti. Ukijitoa, kwa kawaida unaendelea kupata huduma kama mwanzo.

Siku zikikupita, angalia kama mkataba umebakiza mahakama ya madai madogo, mingi huibakiza. Huko California, mtu binafsi anaweza kudai hadi dola 12,500 bila kusimamiwa na wakili.