Mikrofinanse ni nini, na inamusaidiaka aje mama mwenye kuanza biashara

Mikrofinanse ni nyumba ya makuta yenye kukopesha watu wenye banki haiangaliake, dola 50, 100, 300, na inapokea epargne (akiba) kidogo kidogo, bila kukuomba karatasi ya parsele (kiwanja). Huku kwetu Congo ilipata sheria yake mu 2011 na Banki Kuu njo inatoa ruhusa, kwa hiyo mtu akifungua ofisi Bukavu akisema ni mikrofinanse, muulize kwanza agrema, ile karatasi ya ruhusa.

Sasa kama hauna parsele wala mshahara wanakuaminia juu ya nini? Juu ya kikundi. Hii wazo ilijulikana sana kutokea Bangladesh, mu 1976 profesa Muhammad Yunus alitoa makuta yake mwenyewe, dola 27 tu, akakopesha watu 42 wa kijiji Jobra, wakarudisha, na mu 1983 ikakuwa Grameen Bank. Huku tuseme wamama watano wa Kadutu, mu Bukavu, wenye kujuana, kila mutu anabeba krediti yake lakini mumoja akishindwa wengine wanalipa, njo maana hawakubalie mutu ovyo ovyo, wanajua nani anapendaka madeni.

Kitu ingine: Code de la famille ya 1987, sheria ya jamaa ya Congo, ilikuwa inadai mwanamke wa ndoa apate ruhusa ya bwana ndipo asaini mkataba kama wa krediti. Sheria ya 2016 iliondoa hiyo, mi naona ilisaidia kuliko semina nyingi.

Krediti ya namna hii inapenda biashara yenye makuta inazunguka mbio. Mama mwenye kuuza sambaza, samaki kadogo ya ziwa Kivu, anashuka asubuhi ku bandari na bedoni, anauza mpaka jioni, kesho kapitali iko mukononi tena, kulipa kila juma haimuumize. Lakini mwenye kununua mashini ya kushona, au kufuga nguruwe, atangoja miezi ndipo aone faida na ajan wa krediti hangoje, sasa analipa na makuta ya chakula ya watoto. Huyo aombe muda mbele ya kuanza kulipa, ao aache.

Na intere, ile makuta unaongeza juu ya deni, hapa njo watu wanadanganyikaka. Tuseme dola 100, miezi 6, 3% kwa mwezi. Kama wanahesabia ile 100 ya mwanzo mpaka mwisho, utalipa intere 18. Kama wanahesabia tu deni yenye imebakia, ni 10 na nusu. Ni 3% ileile! Uliza tena kama wanafunga sehemu ya makuta kama garanti, juu ukipewa 90 mukononi unalipa intere ya 100. Na ukikopa dola huku unauza kwa franga, siku franga inaanguka deni inakuwa nzito bila wewe kufanya kitu.

Kuna pia MUSO, kikundi yenye kujikopesha yenyewe na sanduku zake: ya kijani ya epargne na krediti, nyekundu ya ugonjwa na matanga, na ya bluu kwa makuta ya kutoka inje kama ya mikrofinanse. Intere inabakia mu kikundi. Mama mwenye hajakopa hata siku moja, mi ningemwambia aanzie mu ile ya kijani, mwaka moja hivi, ndipo aende kusaini ku gishe ya mikrofinanse.